Mzizi Uliomrudishia Mama Sauti

Wiki iliyopita, nikiwa kwenye foleni ya kituo kimoja cha afya huko Hombo, mashariki mwa Kongo, nesi alimuita mama ambaye hakuwa amesema neno tangu mume wake auawe vitani. Dada yake, aliyezoea kumjibia, akafungua kinywa. Mama akamshika mkono, akajibu mwenyewe kwamba ndiye: "Njo mimi."

Nesi akasimama. "Mama, nani alikutibu?"

"Wazee wa pori, wenye kujua dawa, walinitafunisha muzizi muchungu. Nikamuona bwana yangu aliyeuawa, akaniambia: rudia watoto."

Nesi, mtu wa kanisa, akauliza polepole, "Alikuwa namna gani?"

"Muzima. Hakukuwa na kidonda."

Sijui mzizi ule una nini. Wenye maabara watatueleza siku moja. Ila mama alipotoka nje aliwaita watoto wake kwa majina, nao wakachelewa kugeuka. Hawakuitambua sauti.