Meli ya Mzee kwa Dam ya Ng'ombe

Mzee wangu, baba ya watoto wangu, alikuwa anaendesha meli ya doria huko Mombasa mpaka akastaafu. Hapa Roret, mbali na bahari, nani ataamini? Jirani yetu alikuwa anamcheka, na matamshi yake mimi nayajua, 'ugali' kwake ni 'ukali': "Pwana, wewe ulikuwa unapikia wanamaji ukali tu!"

Mzee aliingia stoo akakata mbao, akatengeneza meli ndogo kama ile yake, akapaka rangi ya kijivu, akaweka mota ya kuendeshwa na rimoti. Mimi namwambia, "Chai inangoja kuchumwa na wewe unacheza?" Lakini nilikuwa nachungulia. Ile mikono yake mikubwa ilifunga waya nyembamba kama nywele.

Siku ya kuijaribu watu walijaa kwa dam, lile bwawa ng'ombe hunywa maji. Kwanza nikainyunyizia maziwa, vile tunabariki kitu mpya. Ikaenda vizuri mpaka katikati. Ikirudi, ng'ombe za jirani zikaingia kunywa maji, na moja ikasikia harufu ya yale maziwa yangu. Ikaifuata, ulimi nje.

"Meli imekwisha!" jirani akapiga kelele.

Mzee akasimama wima, akajiambia kwa sauti ya kazi, "Kata kushoto! Polepole!" Meli ikapita katikati ya miguu ya ng'ombe, ikakuja mpaka kwa viatu vyangu bila kuguswa.

Jirani akasogea na adabu. "Kapteni, naweza kushika hiyo rimoti?"

"Kwanza toa maharamia wako kwa maji," mzee akamwambia.