Mbio Zilishapita

Daktari alimwambia Mfaume atembee. Hakumwambia akimbie, wala hakumwambia anunue viatu vya kijani vinavyong'aa hata gizani. Lakini Mfaume, fundi wa kuchomelea mageti pale Kanyenye, Tabora, si mtu wa kufanya jambo nusunusu. Alitoka hospitali na presha yake, akapitia kwenye mitumba, akafika nyumbani na viatu, bukta na soksi za kuvuta hadi magotini. Mkewe Najiat alivitazama vile vitu, akamtazama na mwenyewe, kisha akauliza kama huyo daktari ana cheti.

Basi Mfaume akaanza kukimbia. Kila siku baada ya swala ya alfajiri aliungana na kikundi cha jogingi na kurudi nyumbani amelowa kama aliyenyeshewa mvua peke yake. Mikono yake iliweza kunyanyua geti la chuma bila msaada wa mtu, ila miguu yake ilikuwa imezoea kusimama karakana na haikuona sababu ya kubadili kazi ukubwani. Katika mbio za kwanza alizojiandikisha alikuwa wa mwisho. Za pili, wa mwisho. Za tatu zilifanyika hapohapo mjini, mbele ya wateja wake, na alifika vijana wakiwa wanakunja mabango. Tangu siku hiyo majirani walimpachika jina la Mfunga Mlango, na mteja aliyekuja kuulizia geti lake aliambiwa liko njiani, linakuja na fundi.

Mtu mwingine angeacha, akarudi kutembea kama alivyoandikiwa. Mfaume alicheka pamoja na wanaomcheka, lakini jambo lile lilimchoma ndani kuliko alivyoonyesha. Hakutamani medali ya dhahabu. Alichomwomba Mungu ni mtu mmoja tu wa kuwa nyuma yake, hata kama ni mgonjwa.

Ndipo zikatangazwa mbio za msituni, nusu marathoni, kuanzia nje ya mji na kumalizikia kwenye uwanja wa mpira wa kijiji kimoja upande wa Ntalikwa. Sehemu kubwa ya njia ingepita mle walimopita wapagazi wa zamani wakielekea pwani na meno ya ndovu mabegani. Waandaaji waliandika hayo kwenye fulana kwa herufi kubwa. Hakuna aliyeona ajabu kwamba mababu walilipwa kupita njia ile na mizigo, na wajukuu sasa wanatoa hela ili waipite mikono mitupu.

"Safari hii nitakuwa na mtu nyuma," Mfaume alimwambia Najiat. "Njoo ujionee kwa macho yako."

"Mbio tatu sijaja," alijibu Najiat. "Nilikuwa nakusitiri."

"Njoo, mama Asmahani."

Najiat akasema sawa, atakuja na bodaboda, amsubiri kwenye mstari.

Asubuhi ya mbio, pale pa kuanzia, Mfaume aliwakagua wenzake mmoja mmoja. Wanafunzi waliokauka kama kuni. Askari wawili. Wasichana wa jogingi waliokuwa wakijipiga picha, nao aliwajua kasi yao. Kisha macho yake yakamwangukia Sixbert, afisa mikopo mwenye kitambi cha heshima, anayefunga kamba za viatu huku mwenzake amemshika bega asianguke. Hawakuwa marafiki, lakini moyo wa Mfaume ulimpenda ghafla.

Filimbi ikalia. Walioweza kukimbia wakakimbia, wakapotelea msituni, na haikuchukua muda kabla Mfaume hajabaki na miti. Mvua za masika zilikuwa zimekata juzijuzi tu. Majani yalimfika kiunoni, matope yalimvua kiatu mara mbili, mizizi ya miyombo ilimsubiri kila kona. Njia ilionyeshwa kwa tepe nyekundu zilizofungwa kwenye matawi. Mbung'o nao, ambao hawajisumbui na wenye kasi, walikuja kumsalimia. Kila alipogeuka alimwona Sixbert kule nyuma, na kila alipomwona alipata nguvu mpya. Penye korongo akageuka tena, akamkuta jamaa amekaa juu ya gogo, mguu ameunyoosha, misuli imemkaza.

"Pole sana, ndugu yangu," Mfaume alipaza sauti. Alijitahidi isisikike furaha, akashindwa.

Hivyo ndivyo alivyotoka msituni na kuingia kwenye mashamba, akihema, mvi zimejaa matope, uso umekunjamana kwa maumivu ya goti, lakini rohoni ni mtu aliyekwisha kufika. Kando ya njia kulikuwa na wanawake wengi wanang'oa karanga kwa ushirika. Walipomwona waliacha kazi wote kwa pamoja. Mmoja wao, bibi aliyejifunga kanga kifuani juu ya gauni, akasogea hadi katikati ya njia. Huyo alikuwa mama Gaudensia, mkubwa wa kundi lile.

Mfaume alilelewa. Huwezi kumpita mtu mzima kama unapita kisiki. Akasimama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mwangaluka," aliongeza salamu ya Kinyamwezi. Akamshika mkono na hakuuachia. "Kuna nini?"

"Hakuna kitu, mama. Nakimbia tu."

Wale wanawake wakatazamana. Huku, mtu mwenye mvi hakimbii asubuhi, bila jembe na bila baiskeli, akasema hakuna kitu. Mtu mzima akikimbia ujue anafukuzwa, au anafukuza, au amebeba habari mbaya.

"Ni zile mbio za Tabora mjini," Mfaume akajieleza.

"Mbio zilishapita," alisema mama Gaudensia kwa upole. "Walipita vijana hapa tangu jua halijawa kali, tukawapigia vigelegele. Mbio zimekwisha, mwanangu. Wewe una nini?"

Jibu la kweli lilikuwa fupi. Angesema: mama, mimi ni wa mwisho, nimebakiwa na mtu mmoja nyuma yangu na huyo anaumwa mguu. Lakini wanawake kundi zima walikuwa wanamtazama, na Mfaume hakuwa ametoka Kanyenye ili akaitwe Mfunga Mlango hadi mashambani. Akainamisha kichwa, akasema neno ambalo alidhani litamfungulia njia haraka.

"Nimefiwa."

"Na nani?"

"Na mama," alisema. Ndilo lililokuja mdomoni.

Sasa, mtu wa mjini akisikia umefiwa anakupa pole na njia. Mama Gaudensia alipiga ukelele mmoja, mikono kichwani, na shamba zima likaitika. Karanga zikaachwa pale zilipo. Mmoja akakimbilia nyumbani kuchukua unga, mwingine akajitwika kuni, mwingine akatokea na kuku kwapani, anatazama huku na huku. Kwao mfiwa haachwi atembee peke yake, na hakuna aliyeuliza nyumba ya msiba iko mbali kiasi gani.

"Mama yenu aliitwa nani?" aliuliza mama Gaudensia, mkono bado ameushika.

"Mwanajuma."

"Kumbe ni Waislamu. Basi tutaimba polepole."

Wakaimba, wimbo wa kanisani kwa Kinyamwezi, polepole kama walivyoahidi. Mfaume alijaribu kuchanganya miguu, lakini mama Gaudensia alimrudisha kwa kumbana vidole. Mfiwa hakimbii akiwaacha waliokuja kumlilia. Hilo hata mtoto analijua, na yeye mwenyewe alilijua vizuri. Kila kilima kilichompeleka karibu na uwanja alikipanda kwa mwendo wa mazishi.

Na nyuma yao akatokea Sixbert. Mguu ulikuwa umeachia. Alipolikuta lile kundi akamuuliza mwanamke wa mwisho kuna nini, akaambiwa. Akavua kofia. Alimfuata Mfaume hadi mbele, akamshika bega, macho yake mekundu kwa huruma ya kweli.

"Pole sana, kaka. Mama hana mbadala."

"Asante," alisema Mfaume.

"Niwahi kuwaarifu kule mbele," alisema Sixbert, na akawahi kweli. Mfaume alikitazama kile kitambi kikipotea kwenye kona, na mtu wake mmoja aliyemwomba kwa Mungu akawa ameondoka nacho.

Angeweza kulia kwa hasira wakati huo. Lakini kilichomjia hakikuwa hasira. Mwanamke mmoja alikuwa akimfuta tope mgongoni kwa upindo wa kanga, mwingine anamwambia jikaze, mama amepumzika, na maneno yale yalikuwa yanaingia mahali palipokuwa wazi siku nyingi. Maana bi Mwanajuma alikuwa amekufa kweli. Alikufa miaka kumi na mmoja iliyopita, Mfaume akiwa Dar es Salaam kwenye kazi ya ghorofa, na mafuriko yalikuwa yamekata reli. Alifika wakati watu wanashusha turubai. Najiat ndiye aliyekesha na mgonjwa, akasimamia kuoshwa kwake na kupokea pole za wote. Mfaume aliingia ndani, akaliona geti la uani limelegea, akachukua vifaa vyake akalichomelea. Watu wakasema, mwanamume yule amejaa subira.

Sasa hapa, kati ya mashamba ya karanga, akiwa na bukta na namba kifuani, machozi yakaanza kumtoka. Aliona haya, akaendelea kulia. Wanawake walipoona wakaongeza sauti.

Habari ilikuwa imetangulia. Uwanjani muziki ulikuwa umezimwa na vijana wa jogingi wamesimama kimya. Lile kundi likaingia likiimba, likamkalisha Mfaume chini kwenye kivuli cha turubai la waandaaji, hatua chache kabla ya mstari wa kumalizia. Kijana wa kupima muda akamwinamia.

"Mzee, pole. Mstari ule pale. Ungepita tu, tufunge saa."

"Mfiwa hainuki," alisema mama Gaudensia, na yule kijana akarudi nyuma.

Najiat akaja, kanga imemwanguka bega moja, macho yamevimba, simu mkononi. Mfaume alielewa kabla hajasema. Mama aliyebaki kwenye ndoa yao ni mmoja tu, mzazi wa Najiat, na yuko Kaliua.

"Nimelia mpaka nimegaragara," alisema Najiat kwa sauti ya chini. "Halafu nikapiga Kaliua. Kapokea mwenyewe. Anauliza amekufa lini."

"Si yeye. Ni mama yangu mimi."

Mama Gaudensia aliwatazama wote wawili, na Mfaume akaona afadhali ayamalize. Alimweleza yule bibi yote: kwamba leo hakuna maiti, kwamba alikuwa mbioni na aliona aibu kusema yeye ni wa mwisho, kwamba mama alizikwa zamani na yeye hakuwepo. Alimwomba radhi kwa karanga zilizoachwa shambani.

Bibi yule hakupendezwa, na hakuficha.

"Unga ukishatolewa kwa msiba haurudi ndani," alisema, akawageukia wenzake. "Washeni moto."

Wakawasha. Wakimbiaji, ambao waandaaji walikuwa wamewapa ndizi moja na chupa ya maji, wakasogea kwa adabu kubwa na kunawa mikono. Mtu wa kipaza sauti, akiona msiba umefika kwenye ugali, akajipa moyo wa kumalizia kazi yake. Akasoma majina kuanzia juu. Wengine, akasema, hawakufika mstarini. Na wa mwisho kumaliza, wapigieni makofi, ni ndugu yetu Sixbert. Sixbert akapunga mkono, paja la kuku mdomoni.

"Umesikia?" alisema Najiat. "Hongera. Leo hukuwa wa mwisho."

Mfaume alijaribu kucheka kama alivyozoea, kicheko kikakataa.

"Mimi ndiye wa mwisho," alisema. "Watu wote walishamlilia mama, wakarudi makwao. Mimi ndio nafika."

Najiat alitandika kanga yake chini, akakaa pembeni yake, miguu ameinyoosha kama wanavyokaa wanawake matangani, na mtu wa kwanza aliyekuja kumpa pole akamwelekeza kwa mumewe.