Kipimajoto cha Mtaalamu

Chumba chenye vifaranga mia moja na ishirini hakinyamazi. Cha kwetu kilinyamaza, tena saa nne asubuhi.

Nikafungua mlango.

Vifaranga wote walikuwa wamejibana ukingoni mwa bruda, ule mduara wa kadibodi wa kulelea vifaranga, mbali na balbu ya kuwapa joto, midomo wazi, mabawa yametanuka. Hakuna hata mmoja aliyekuwa kwenye chakula.

Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, alikuwa amesimama pale akikuna kidevu. Tulimwita Mtaalamu. Alihudhuria semina ya siku mbili, na tangu hapo mgongo wake haujui kuinama.

Mke wangu alikuwa ameachishwa kazi kiwandani. Kiinua mgongo chake chote kilikuwa ndani ya ule mduara wa kadibodi. Wakifa, hatuna kingine cha kuanzia.

Mimi sina semina. Nimejifunza kwa kuchuchumaa. Vifaranga wenye baridi hurundikana chini ya balbu na kupiga kelele. Wenye joto huikimbia.

"Mtaalamu," nikasema taratibu, "hawa kama wanaikimbia taa."

"Shem, usinichekeshe. Wamejikusanya, maana yake wanasikia baridi. Soma pale."

Kipimajoto kilikuwa kimetundikwa kwenye msumari ukutani, usawa wa macho yake. Kilisoma nyuzi ishirini na nne, chini ya zinazotakiwa.

Kifaranga ana urefu wa kidole, jamani! Yeye kakitundika panapomfaa yeye, asikunje suruali.

"Si tungekishusha, kiwe usawa wa migongo yao?"

"Wewe kajifunze kwanza kuku ana miguu mingapi."

Akaongeza balbu ya pili. Akasogeza na vyombo vya maji chini yake, eti wasinywe ya baridi. Baadaye nikachovya kidole. Maji ya kuogea kabisa.

Nikajiambia huyu ni kaka mtu, nisimhukumu haraka, nisubiri nione.

Jioni walikufa kumi na mmoja. Kulipokucha wakawa thelathini na wanne.

Mtaalamu akashika kiuno. "Mbegu mbaya hiyo. Mmepigwa na aliyewauzia."

Nilitungua kipimajoto, nikakilaza kwenye maranda waliyokanyaga vifaranga. Kikapanda mbele ya macho yake hadi arobaini na moja.

Nikazima balbu moja, nikainua iliyobaki, nikaweka maji mapya. Haikupita nusu saa, wakatawanyika na kuanza kudonoa. Kelele zikarudi.

Unadhani bwana mkubwa aliinama? Thubutu.

"Kipimajoto chenyewe kibovu," akasema, akaondoka na viatu vyake safi.

Sijawahi kumdharau mtu namna ile. Nikamgeukia mke wangu, aliyekuwa anaokota mizoga na kuitia kwenye ndoo.

"Unamwona kaka yako? Kichwa maji mtupu."

Hakuinua uso.

"Wewe ulijua tangu lini kwamba ni joto?"

"Tangu jana, saa nne."

"Ulikuwa na uhakika?"

"Nilikuwa nao."

Akaweka kifaranga mwingine kwenye ndoo, polepole, kama vile bado angeweza kuumia.

"Kaka yangu hakujua. Wewe ulijua, ukakaa na upole wako. Sasa niambie, baba watoto, kati yenu nimdharau nani?"

Nikaichukua ile ndoo, nikaenda kuwafukia.

Kwa hiyo wewe unayesoma, ukiona viumbe wanakufa kwa ujinga wa mtu, mvunjie heshima hapo hapo. Radhi utaomba baadaye, wakiwa hai.