Kiti Kilichosifiwa na Bi Maryam

Jamani, ndoto zangu zitanimaliza. Nachomelea vyuma kwenye karakana moja mtaa wa Gerezani, na kwenye simu nilijifunza kwamba mbunifu humpa mtu kifaa akijaribu kwanza, kisha humsikiliza. Basi nikabuni kiti cha kukunja cha wenye maduka, nikampa Bi Maryam, muuza khanga wa Kariakoo.

Kila nikipita namuuliza, "Shikamoo Bi Maryam, kiti kinasemaje?"

"Marahaba. Mashallah, kizuri mno, mwanangu! Mikono yako ina baraka."

Hapo natembea kama naelea. Naiona Kariakoo nzima, mtaa hadi mtaa, imekalia viti vyangu, na hakuna anayelalamika mgongo.

Jumamosi nikampeleka Mangi, mfanyabiashara wa jumla, aliyeahidi kuagiza viti hamsini akimsikia mtumiaji kwa masikio yake. Tulimkuta Bi Maryam amekalia ndoo. Kiti changu kilikuwa pembeni, kimebebeshwa mafurushi ya khanga. Nikajisemea, bila shaka anakitunza kisichakae. Nikashusha mafurushi, nikamkaribisha Mangi kama namkaribisha bwana harusi.

Mangi akaanza kujishusha.

"Wee Mangi, usikae hapo!" Bi Maryam akapiga kelele hadi ndoo ikapinduka. "Hicho kinamwaga watu! Mimi kimeshanimwaga mara tatu!"

Kisha akakumbuka kwamba nami nipo. Akajiziba mdomo kwa mtandio.

"Sasa mwanangu," akasema taratibu, "ningekwambiaje, na ulikuwa unafurahi vile?"