Makaburi Niliyoyaondoa Mlangoni

Siku yangu ya kwanza kazini, supamaketi yetu ya Kitale ilikuwa bado inanuka rangi mpya. Meneja wa tawi alinipa aproni ya kijani, akanipeleka kwenye ncha ya rafu, pale mteja anapogeuza toroli aingie safu nyingine. Sehemu hiyo tuliiita endi. "Kitu kikikaa hapa kinanunuliwa hata kama mtu hakukijia," aliniambia. Nyinyi vijana mnaouza vitu kwa simu bado mnatumia somo hilo hilo.

Kazi yangu ilikuwa kupanga bidhaa, za zamani mbele na mpya nyuma, na kuvalisha duka kulingana na msimu. Misimu ya Trans-Nzoia niliijua: mbegu na mbolea, kufungua shule, mavuno. Lakini makao makuu Nairobi walikuwa na misimu yao. Februari walituletea mioyo ya karatasi nyekundu. Disemba, wakulima wa eneo la Kwanza wakianika mahindi juani, sisi tulibandika pamba madirishani tukisema ni theluji. Kisha ikaja Black Friday. Nilimuuliza meneja wa kanda, aliyesimamia matawi yote ya upande huu, kwa nini iwe Ijumaa hiyo na si nyingine. Akanieleza kwamba Wamarekani huwa na sikukuu ya kushukuru siku ya Alhamisi, wanakula bata mzinga, na kesho yake wanaenda madukani kununua vitu vilivyopunguzwa bei.

"Na sisi Alhamisi tutakuwa tumekula nini?" nikamuuliza.

Alicheka, akasema nitundike bango.

Nilitundika, na sioni haya. Akina mama wa mtaa wa Kibomet walitoka na masufuria na blanketi walizokuwa wakizitazama mwaka mzima. Shemeji yangu, mzee wa kanisa, alinilaumu kwamba naingiza mila za kigeni nyumbani kwetu. Nilimjibu kwamba hata keki aliyokata siku ya harusi yake haikutoka Mlima Elgon. Hakunisemesha mpaka Krismasi.

Mauzo yalipopanda nilipandishwa cheo, nikahamishiwa Bungoma kuwa msimamizi wa sakafu, yaani mtu anayeamua kila bidhaa ikae wapi dukani. Oktoba moja yakaja maboksi ya Halloween, sikukuu ya Wamarekani ya mizimu na maboga: mafuvu, utando wa buibui, na makaburi ya plastiki yenye misalaba. Agizo lilisema yakae mlangoni, karibu na mkate na sukari. Nilimweleza meneja wa tawi, kijana mpole aliyetoka Nairobi, kwamba hapo ndipo watu hupita wakitoka mochari kununua vitu vya matanga. Alisema makao makuu wanangoja picha za mapambo hayo. Asubuhi nilikuta vijana wake wameshayapanga.

Kabla ya saa sita aliingia mzee mmoja kutoka upande wa Webuye, ameshikwa mkono na binti yake. Walikuwa wamefiwa na mke wa mzee, mama yake huyo binti. Mzee aliona yale makaburi, akavua kofia. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mama, ni mfanyakazi wenu ametuacha?"

Nikamwambia hakuna aliyekufa, ni mapambo tu.

"Mapambo," alisema. Alitazama tena msalaba ule, kisha akanitazama kana kwamba mimi ndiye niliyekosea. Binti yake akaurudisha kwenye rafu mkate aliokuwa ameuchukua, wakatoka bila kununua kitu.

Nilichukua boksi tupu nikaanza kung'oa. Meneja wa tawi alikuja mbio, akaniambia nirudishe vitu vya watu mahali pake.

"Sirudishi."

"Mama, hii ni oda ya Nairobi. Itabidi nikuandikie barua ya onyo."

"Andika. Ukimaliza, nenda usimame mlangoni uwapokee wafiwa wewe mwenyewe."

Hakwenda. Nekesa, mmoja wa wahudumu wa malipo, alifunga mashine yake akaja kunishikia boksi. Tuling'oa pamoja mpaka tukamaliza.

Wiki hiyo hiyo meneja wa kanda aliniita. Alisema niombe radhi na mambo yataisha. Nilimwambia niko tayari kumwomba radhi yule mzee, kama kampuni itanipa gari la kwenda Webuye. Nilivuliwa cheo, nikarudishwa Kitale kwenye stoo, kupokea mizigo mlango wa nyuma. Nekesa alipewa onyo, akabaki. Ndiye aliyeniambia kwamba Oktoba iliyofuata Bungoma waliweka maboga ya karatasi na peremende, na wateja wakauliza kama maboga mabichi yapo. Makaburi hayakuonekana tena.

Nilimalizia kazi yangu hapo stooni. Wapo wanaosema nilitupa cheo kwa sababu ya vichezeo vya plastiki. Mume wangu alisema hivyo pia, na ada za shule zilikuwa zikitukaba. Sikumlaumu, wala sikubadili neno langu.

Siku ya kuniaga nilipostaafu, meneja mpya wa tawi alinisifu kwa uaminifu, akaniomba niseme machache. Nikasema niliuza sikukuu za Wamarekani kwa moyo wangu wote, na ningeziuza tena kesho, kwa sababu mtu wa Kitale ana haki ya kufurahi siku yoyote anayoipenda. Lakini kufiwa si msimu wa biashara, na atakayekuja kugeuza matanga kuwa biashara ajue alishakataliwa na mwanamke wa stoo.

Walipiga makofi kwa wasiwasi, wakimtazama meneja kwanza. Mimi nilikaa, nikavuta sahani yangu, nikala keki.