Besi Iliyowatoa Watu Matangani

Agosti ya 1996 tulimpoteza ndugu yangu Odhiambo, na siku moja kabla ya kumzika mimi niliwatoa watu mbio kwenye matanga yake. Nasema mwenyewe mapema, maana kwetu Asembo bado wanaisimulia, na kila anayeisimulia anaongeza chumvi (wapo wanaosema jeneza lilitembea, na si kweli, lilitetemeka tu).

Odhiambo alikaa Manyatta, Kisumu, na kanisani aliimba besi kwenye kwaya. Hakuwa ameoa. Mali yake ilikuwa muziki: ampilifaya yenye pahali pa kanda, spika mbili ndogo, na boksi moja kubwa jeusi la kutoa besi, lile ambalo siku hizi watu wanaliita sabufa.

Mama hakuwa amelia tangu tumpe habari. Alikaa tu kando ya jeneza, akipewa pole anaitikia vizuri, akiletewa chai inapoa, na mimi nilianza kumwogopea. Kitu kimoja tu aliniomba. "Atieno, nataka nimsikie mara moja kabla hawajamfunika."

Kanda ya kwaya tulikuwa nayo. Tukaiweka kwenye redio ya Mama, tukasikia wanawake wote wa kwaya mmoja mmoja, lakini Odhiambo hayumo, kwa sababu karedio kale hakakuweza kutoa sauti nzito kama yake. Ndiyo maana nikaubeba muziki wake wote kutoka Manyatta, bila kumuuliza mtu anayejua (shule niliishia darasa la saba, lakini nilijiambia kuzungusha kitufe hakuhitaji cheti).

Tulifunga vyombo nje chini ya turubai, jenereta likawashwa, nikajaribu na kanda nyingine. Besi ikapotelea hewani. Leo najua kwamba nje hakuna ukuta wa kuirudisha sauti nzito, lakini siku hiyo nilidhani boksi limechoka na safari, nikazungusha kitufe cha besi, nikazungusha tena, mpaka kikagota. Binamu yangu Ochieng' alikuwa ameegemea nguzo ya turubai akinitazama. "Dada, hata mbuzi hajageuka," akasema.

Halafu mvua ikaanza. Tukakimbiza kila kitu ndani kwa Mama, sebule ndogo ya mabati, watu wakajibana mpaka mlangoni, na boksi la besi likakosa pahali isipokuwa pembeni kabisa, chini ya jeneza lenyewe lililokuwa juu ya stuli mbili. Kitufe nilikiacha palepale kilipogota. Sikukifikiria hata kidogo.

Mzee Oloo, mdogo wa baba yetu, akaomba watu wanyamaze wamsikie marehemu. Nikaiweka ile kanda ya kwaya, nikabonyeza.

Wanawake wa kwaya walianza peke yao, vizuri, na watu wakatikisa vichwa. Kisha sauti za wanaume zikaingia. Mabati yakanguruma, vikombe vikatembea kwenye kabati, na kile kioo cha jeneza, cha kumtazamia uso, kikaanza kugongagonga. Mama Risper wa kanisani, aliyekuwa karibu kuliko wote, hakupiga hata kelele. Alisema tu, "Anagonga," akainuka akatoka kupitia dirishani, na yeye ni mama mnene. Wengine wakamfuata kwa mlango. Mzee Oloo alitoka na kiatu kimoja, na Ochieng', yule wa mbuzi, nilimwona kwa mbali kwenye shamba la mahindi.

Mimi nilikuwa nakitafuta kile kitufe, kwa sababu kiko nyuma ya boksi na nyuma kulikuwa ukutani, kwa hiyo nikapiga magoti nikajipenyeza chini ya jeneza, nguo ikashika msumari ikachanika, kichwa nikakigonga kwenye mbao za ndugu yangu mwenyewe, na huko nje waliokuwa wakichungulia wakasema sasa ameanza kumvuta dada yake. Aibu ilinijaa mpaka masikioni. Nikaushika waya ili ning'oe kila kitu.

"Usizime," Mama akasema. Hakuwa amesogea kwenye kiti. "Punguza tu."

Nikapunguza. Mabati yakatulia. "Bado," akasema. Nikapunguza tena, polepole, kioo kikaacha kugonga, na chini ya sauti zote za kwaya ikabaki moja, nzito, yenye kile kikwaruzo chake cha kila mara.

"Huyo," Mama akasema.

Tangu siku hiyo sijawahi kugusa kitufe cha muziki wa mtu, na nikiingia nyumba yenye boksi la besi nauliza kwanza limewekwa wapi, watu wananicheka, na wana haki.

Nilibaki palepale chini, mkono kwenye kitufe, nikiogopa kwamba nikitoka kitajizungusha. Watu walirudi mmoja mmoja, wengine kwa ajili ya viatu. Walimkuta Mama analia.