Nesi Aliyeomba Barabara Ifungwe

Nesi amefariki, na leo naandika nikiwa na hasira. Msomaji aliyezoea kunikuta katika safu hii nikitaniana na mji wetu wa Mtwara anisamehe, wiki hii sina utani. Habari ilinifikia Jumamosi alasiri nikiwa sokoni Chikongola nachagua mihogo. Jirani yake wa Mikindani alinipigia simu, akasema maneno mawili tu, "Nesi katutoka," kisha nikamsikia analia. Presha ilimwangusha uani kwake akianika nguo. Kesho yake baada ya sala ya adhuhuri tukamzika, na wakati sisi tunafukia kaburi, kule kaskazini mwa Ufaransa wapanda baiskeli walikwisha kuanza mashindano ya barabara za mawe, yale aliyokuwa akiyasubiri tangu mwaka jana. Najua wapo wanaojiuliza mkunga mstaafu wa Mikindani alihusiana nini na baiskeli za Ulaya. Naye aliulizwa hivyo mara nyingi, na waliouliza mara nyingi walikuwa wanacheka.

Wengi wa rika langu walimjua kwa kazi. Alipoanza alipangiwa zahanati za upande wa Kilambo, kandokando ya Mto Ruvuma, enzi ambazo gari likipita huko watoto hulikimbilia. Akapewa baiskeli nyeusi ya chuma. Kwa baiskeli hiyo aliwafuata wajawazito vijijini, mkoba wa vifaa umefungwa nyuma, kanga imekazwa kiunoni, na masika matope yakimzidi aliibeba begani hadi ng'ambo ya pili. Wanaume waliokaa barazani walisema mwanamke wa Kiislamu haonekani vizuri juu ya baiskeli. Wake zao uchungu ulipowashika, wanaume haohao walikuwa wa kwanza kuuliza mbona Nesi anachelewa. Baadaye akahamishiwa mjini, na huko ndiko ugonjwa wake wa kupenda mbio za baiskeli ulipomwanzia. Kwenye ukumbi wa wagonjwa palikuwa na televisheni isiyotoa sauti. Siku moja anapita na trei mkononi, akamwona mtu anapanda mlima peke yake kwenye mvua, uso umejikunja. "Nikasimama," aliniambia. "Watu wananiita, mimi nimeganda. Ule uso naujua, Mwandishi. Nimeuona kwa wanawake maisha yangu yote. Ni uso wa mtu asiyeweza tena kurudi nyuma, na bado hajafika."

Tangu hapo akawa anafuata msimu mzima kama wengine tunavyofuata ligi ya mpira. Msimu wa baiskeli huanza huko kwenye baridi ya mwisho wa Februari, ukaingia kwenye barabara za mawe, ukaenda Italia mwezi Mei, Ufaransa Julai, Hispania kuelekea Septemba, na kumalizikia na mvua za Oktoba. Kila timu ina kiongozi wake anayetafuta ushindi, na wengine wote wapo kwa ajili yake: wanampelekea maji, wanampa gurudumu lao lake likipasuka, wanatangulia mbele kumkatia upepo asichoke. Kazi yao ikiisha, wanaachwa nyuma, na kamera haiwafuati. Nesi hakuwajali sana washindi. Aliwapenda hao wakata upepo. "Yule pale, jezi imefunguka kifua," angesema, "amewavuta wenzake tangu asubuhi. Akifika juu hakuna atakayempa ua." Mara moja nilimwambia kwamba na sisi wa Kusini ndiyo kazi yetu hiyo, tunalima korosho tunakata upepo, ladha wanaipata wengine. Akanitazama vibaya. "Wewe umekata upepo gani? Umekaa kwenye kiti unaandika."

Kisa cha kwanza ninachotaka kukisimulia kilitokea kwenye kibanda umiza kimoja cha Chikongola, vile vibanda vya mabati wanavyooneshea mpira. Mwezi Julai ligi za Ulaya zinapumzika, na mwenye kibanda alikuwa anakaa na viti vitupu. Nesi alimwendea akamwambia aweke baiskeli. Siku za mwanzo walikuja vijana watatu wanne kumcheka yule mama anayeangalia watu wanapita. Lakini Nesi alikuwa anawaeleza anachokiona. Kundi likianza kukatika mlimani, alisimama kabisa. "Msidanganyike na huyo wa mbele, anapiga kelele mapema. Huyo wa nyuma aliyenyamaza ndiye wa kumwangalia. Uchungu wake bado haujafika mahali pake, ukifika mtaona." Dakika chache baadaye yule aliyenyamaza akawapita wote, na kibanda kizima kikalipuka. Wiki ya tatu ya Julai viti havikutosha. Niliwaona wavuvi wa Mikindani na wauza mitumba wanabishana kuhusu mwinuko wa milima ambayo hawataiona kwa macho yao. Niliuona mji ukijifunza jambo jipya, na aliyekuwa akiufundisha ni mwanamke aliyevaa ushungi mweupe na miwani iliyofungwa kwa uzi.

Ikaja Septemba, Jumamosi ya mlima wa mwisho wa Hispania, ambapo mshindi wa wiki tatu angejulikana. Nesi alikuja mapema, akaketi mbele. Wapandaji walipofika mguuni mwa mlima, mwenye kibanda alichukua rimoti akabadilisha. Haikuwa mechi mpya. Ilikuwa marudio ya mechi ya jana yake, ambayo kila aliyekuwemo alikwisha kuiona na matokeo alikuwa anayajua. Nesi akasema, "Baba, niachie nusu saa tu, wanamaliza." Kijana mmoja nyuma akapaza sauti, "Mama, rudi nyumbani ukapike!" Watu wakacheka, wakiwemo wale niliowaona Julai wakimpigia makofi. Nesi aligeuka taratibu. "Humu ndani nimewapokea wengi kwa mikono hii. Hakuna hata mmoja aliyetoka tumboni kwa mama yake ameshika rimoti." Wakacheka zaidi, safari hii wakiwa upande wake, lakini televisheni haikurudishwa. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo. Walimfurahia, wakamsifu kwa ulimi wake, na bado wakamnyima alichoomba. Alichukua mkoba wake akatoka, na hakukanyaga tena pale. Baada ya siku hiyo aliangalia kwenye simu, akiwa barazani kwake, skrini ndogo kama kiganja.

Ni kwenye simu hiyo tulikoangalia ubingwa wa dunia ulipokuja Kigali. Nesi alitaka sana kwenda, lakini daktari wake alimkataza safari ndefu ya basi. Siku ya wanawake nilimkuta amevaa kama anakwenda kwenye harusi. Kando yake alikuwepo binti mmoja wa kijiji cha jirani na Kilambo, ambaye Nesi alimzalisha mwenyewe, na ambaye siku hizi hubeba magunia ya mihogo kwa baiskeli kutoka mashambani hadi kwenye kivuko cha mto. Binti yule ana miguu kama nguzo. Watatu tuliinamia simu ile, tukawaona wanawake wa dunia nzima wakipanda barabara za mawe za Kigali, watu wamejaa pande zote mbili, hakuna gari, hakuna pikipiki isiyo ya mashindano. Nesi hakutazama sana waliokuwa mbele. Alikuwa anatazama barabara. "Wamewafungia mji," alisema polepole. "Mji mzima, kwa ajili ya wanawake na baiskeli zao. Na ni hapa hapa Afrika." Binti akauliza, "Nesi, na sisi wanaweza kutufungia?" Nesi akasema, "Tutaomba."

Akaomba. Kulikuwa na tamasha linaandaliwa mjini, na kamati yake ilitaka mbio za baiskeli za wanaume na za wanawake kutoka Mikindani hadi katikati ya mji. Walimwita Nesi awasaidie kwa sababu hapakuwa na mwingine anayeujua mchezo. Mimi nilialikwa kama mwandishi. Alisimama kwenye kikao akaomba jambo moja: barabara ifungwe asubuhi ile, hadi mwanamke wa mwisho afike. Mwenyekiti akatabasamu. "Mama, hii ni Mtwara, siyo Ulaya. Hatuwezi kusimamisha shughuli za watu kwa ajili ya wasichana wa baiskeli." Nesi akasema, "Sikusema Ulaya. Nimesema Kigali." Wakahamia kwenye ajenda ya fulana. Msomaji, barabara hiyo naijua. Msafara wa mtu mkubwa ukipita husimamishwa, sote tukapangwa pembeni kama kuni, hata mwenye mgonjwa. Kumbe inafungika. Swali ni nani anafungiwa.

Siku ya mbio wanaume walianza na kumaliza salama. Wanawake walikuwa bado njiani, binti wa Kilambo akiwaongoza, amewaacha wenzake kwa mbali kabisa. Mgeni rasmi, ambaye ndiye aliyekuwa mdhamini, alikuwa amechelewa, na jukwaani walikuwa wanamsubiri ili hotuba zianze. Gari lake likaja kwa kasi kutokea nyuma, taa zimewashwa, honi haipumui. Binti alijitahidi kulipisha. Gurudumu la baiskeli yake lilitoka kwenye lami, akarushwa mtaroni. Gari halikusimama. Nesi alikuwa nyuma yake kidogo kwenye bajaji akimfuata, akashuka kabla haijasimama vizuri, akaingia mtaroni na viatu vyake. Mfupa wa mtulinga, ule unaotoka chini ya shingo hadi begani, ulikuwa umevunjika. Alimfunga mkono kwa kanga yake mwenyewe, akamtuliza kwa sauti ileile aliyoitumia wodini, akampakia kwenye bajaji kwenda hospitali. Alipohakikisha anahudumiwa, alikwenda kwenye uwanja wa tamasha. Hotuba zilikuwa zinaendelea. Alipanda jukwaani bila kuitwa, akamwomba mshereheshaji kipaza sauti, naye kwa mazoea ya kumheshimu bibi akampa. "Aliyekuwa anaongoza mbio za wanawake yuko hospitali," Nesi alisema. "Aliyemtupa mtaroni ameketi hapa na ua kifuani." Sauti ikakatwa. Mjumbe mmoja wa kamati alimshika mkono, akamnong'oneza nikiwa nasikia, "Mama, usituharibie shughuli, watu wa kamera wapo." Wakamtangaza mshindi mwingine.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hapa kwetu asiyesikia huketi jukwaani, anayevunjika ni mwingine. Tangu siku ile wenye tamasha walimwita Nesi mchochezi. Alikwenda kwenye ofisi yao kuomba angalau waje kumwona majeruhi, akaambiwa mhusika yuko kikaoni, na kila aliporudi kikao kilikuwa hakijaisha. Basi akamchukua binti akamweka nyumbani kwake Mikindani, akamuuguza. Miezi ile ya mwisho wa mwaka Ulaya kuna mbio za baridi, ambapo wapandaji huzungushwa kwenye mashamba ya matope. Niliwakuta siku moja wamejilaza mkekani, binti mkono umening'inizwa shingoni, wanamwangalia mwanamke wa Ubelgiji ameshuka, ameibeba baiskeli begani, anakimbia nayo kwenye tope. Binti akapiga kelele, "Kumbe na hawa wanabeba! Kama sisi masika!" Nesi alicheka mpaka akavua miwani akafuta macho. Sikumwona akicheka hivyo tena. Sisemi hasira ndiyo iliyomuua, presha alikuwa nayo siku nyingi. Nasema tu kwamba miezi yake ya mwisho aliitumia kubisha hodi kwenye milango ya watu waliokuwa ndani wakimsikia.

Na sasa fikiria moyo wangu siku ya hitima, nilipoyaona magari ya kamati yanaegeshwa nje ya nyumba yake. Waliteremka wamevaa fulana mpya zenye picha ya Nesi, picha nzuri, anatabasamu. Mwenyekiti akasimama chini ya turubai. "Tumepoteza nguzo," alisema. "Mama huyu alikuwa mwanga wa michezo katika ukanda wetu. Kamati imeazimia kuanzisha kombe kwa jina lake." Watu wakasema amin. Nilitazama chini, kwa sababu ningemtazama usoni ningesema maneno yasiyofaa kwenye nyumba ya msiba. Mtu uliyemkatia sauti akiwa hai, leo umemvaa kifuani. Ndiyo desturi tuliyoijenga katika nchi hii. Tunawaogopa watu wema wakiwa na mdomo, tunawapenda wakishafungwa sanda, kwa kuwa maiti ni mwanakamati mzuri kuliko wote: anakubali kila azimio. Nimehudhuria misiba ya walimu, mafundi na madaktari wa namna hii, na kila mara wanaolia kwa sauti kubwa ni wale waliowafungia mlango.

Mwenyekiti, kwa kutaka kuonesha ukarimu, akamgeukia binti wa Kilambo aliyekuwa amekaa upande wa wanawake. Bega lake limepona lakini mkono haupandi mpaka juu, na amekwisha kurudi kwenye magunia yake, kwenye barabara ileile, na malori yanampita yakimpepesua. "Na wewe binti yetu," mwenyekiti alisema, "kamati ingependa ikufanyie nini, kwa kumbukumbu ya bibi yako?" Nadhani alitarajia aombe jezi. Binti alisimama, akaweka sawa ushungi. "Shikamoo, baba. Naomba siku ya mbio mtufungie barabara." Mwenyekiti akakohoa. "Hilo tumelipokea," akasema, "tutalifanyia kazi." Kisha akaomba sahani za pilau zianze kupita.

Sina imani na kauli hiyo, na nisingependa msomaji awe nayo. Nilichojifunza kwa Nesi ni kwamba heshima ya mtu haipimwi siku ya hitima, inapimwa siku anaposimama mbele yako akiwa mzima, ana jasho, na anaomba jambo linalokusumbua. Binti wa Kilambo yu hai. Ameomba mbele ya watu, kwa adabu, kwa sauti iliyofika hadi barabarani. Nimemsikia, kamati imemsikia, na sasa wewe nawe umemsikia. Akitupwa mtaroni mara ya pili, asiwepo mtu wa kuja kutuambia kwamba hakujua.